Hedifoni za Kopi ya Kwanza

Kila asubuhi duka lile dogo lilianza siku kwa chafya. Si chafya ya mtu, ni ya mashine ya kopi. Baba Kopi akiiwasha, mashine ilikohoa, ikatetemeka, ikapiga chafya, kisha ikatema karatasi moja nyeupe isiyo na kitu. Hapo Baba Kopi aliipapasa ubavuni kama ng'ombe wa maziwa.

"Haya mama," aliiambia, "tuanze kazi."

Duka lilikuwa la watu wawili. Baba Kopi alitoa kopi karibu na mlango. Mke wake alipiga chapa karibu na dirisha, na wateja walimwita Mama Chapa. Kibodi ya kompyuta yake ilikuwa imefutika herufi A kwa kuchapwa mno, maana Kiswahili bila A hakiendi popote. Kati ya meza zao palikuwa na rafu ya karatasi, stepla mbili, moja nzima na moja ya kutishia wateja wanaotaka kuazima, na kopo la pini.

Katika duka lile neno kopi lilikuwa neno la heshima. Ndilo lililowalisha. Karatasi ikitoka nyeusi vizuri na haikupinda, Baba Kopi aliinua juu penye mwanga akasema, "Kopi safi hii!" Akaizoea sifa hiyo mpaka akaitumia kila mahali. Mke wake akipiga pasi shati likanyooka, "Kopi safi, mama watoto!" Jirani akipata mjukuu, yeye alichungulia kwenye kanga na kusema, "Kopi safi ya babu yake."

Tena aliamini kwamba kopi ya kwanza ya asubuhi, ile inayofuata baada ya chafya, ndiyo bora kuliko zote za siku nzima. Wino unakuwa umetulia, mashine haijachoka. Kopi hiyo hakumpa mtu ovyo ovyo. Alimpa mteja anayemheshimu.

Siku moja akaingia mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa na sauti kubwa kuliko mkoba. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji kuku. Kila mtu alimwita Mama Mwenyekiti, hata mume wake.

"Mama Chapa," alisema, huku akitoa flashi ndogo mkobani, "katibu wetu amehama. Sasa mikutano tunairekodi kwa simu. Humu ndani mna mkutano wetu mkuu. Nataka uusikilize uuandike, neno kwa neno."

"Neno kwa neno, mama?"

"Neno kwa neno. Hasa penye ahadi. Watu wetu wakisimama mkutanoni wanaahidi mpaka mwezi na nyota. Wakifika nyumbani wanasahau hata jina la chama." Akashusha sauti, ikawa kama ya watu wengine. "Hili ni jaribio. Ukiandika vizuri, kazi zote za chama ni zako mwaka mzima. Ukiharibu, nampelekea yule kijana wa duka la ng'ambo ya barabara."

Alipotoka, Mama Chapa alishika kifua kwa furaha. Miaka yote alikuwa anaandika barua za kuomba kazi za watu wengine. Leo kazi imeingia mlangoni yenyewe, imevaa viatu, inamtafuta yeye.

Lakini palikuwa na tatizo. Hedifoni zake za zamani zilikuwa zimekufa upande mmoja. Upande wa pili uliishi kwa msaada wa kibanio cha nguo alichobana kwenye waya. Kibanio kikisogea, sauti inakwenda zake. Na mashine ya kopi ikinguruma, ndiyo basi kabisa.

"Usihangaike," alisema Baba Kopi. "Nitakununulia mpya. Nitaagiza mtandaoni."

"Muulize kwanza Dada Vifurushi, mume wangu."

Dada Vifurushi alikuwa jirani yao wa mlango wa pili. Alifanya kazi kaunta ya ofisi ya vifurushi, mahali ambapo mizigo ya mtandaoni hupokelewa na ile yenye matatizo hurudishwa.

"Kununua hedifoni nako mpaka niitishe kikao na majirani?" alisema Baba Kopi. "Mimi nina macho, nina simu, nina kidole. Kimebaki nini?"

Akakaa kwenye kiti chake akaanza kutafuta. Alizitaka hedifoni za Zumari, zile ndogo zisizo na waya, zinazokaa ndani ya kikasha chao cha kuchajia. Kila mtu alikuwa anazisifu. Lakini kila duka la mtandaoni alilofungua, bei yake ilimfanya avue miwani, aifute, aangalie tena. Bei haikupungua kwa kufutwa miwani.

Mwisho akakuta duka moja ambalo bei yake ilikuwa chini kama vile muuzaji amekosana na mali yake. Chini ya picha paliandikwa: *Zumari. Kopi ya kwanza. Ubora kama orijino.*

Baba Kopi akasoma tena kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya uchumba.

"Mama watoto, njoo usikie! Kopi ya kwanza!"

"Kopi ya hedifoni ni kitu gani?" aliuliza mke wake.

"Ndiyo lugha ya ubora hiyo. Hawa watu wanajua kazi. Hawakuuzii kopi ya mia, wino umekwisha, mashine imechoka. Wanakupa ya kwanza!"

"Mimi sielewi."

"Wewe elewa kuchapa. Ya kopi niachie mimi."

Alipoanza kuagiza, muuzaji akamwandikia ujumbe. *Kaka, usilipie hapo dukani. Nitumie pesa moja kwa moja kwenye simu yangu, nitakupunguzia.* Baba Kopi akaona huo ni undugu. Alikuwa anaandika "Asante ndugu yangu" simu ikazimika, maana chaji ilikuwa imekwisha. Ilipowaka baadaye, aliogopa mzigo usije ukachukuliwa na mtu mwingine. Hakuwa na subira ya kuutafuta ule ujumbe. Akalipia ndani ya lile duka la mtandaoni, kama watu wote.

Kifurushi kikafika. Baba Kopi akakifungua kwa makini kwa kisu cha karatasi. Boksi lilikuwa zuri, akaliweka rafuni, akisema litafaa kwa pini. Mke wake akaligeuza geuza.

"Mbona hapa pameandikwa Zumali?"

"Wapi?"

"Hapa. Zu-ma-li. Si Zumari."

Baba Kopi akacheka. "Makosa ya chapa hayo, mama watoto. Tuwe na huruma na wenzetu wa kazi. Wewe mwenyewe juzi uliandika 'Maombi ya Kuzi', na yule kijana akapata kazi."

Mama Chapa akaliweka boksi chini. Kweli kuzi ile aliiandika yeye.

Akazivaa, akaanza kusikiliza mkutano. Sauti zilikuja, lakini zilikuja kama za watu waliotia leso mdomoni. Maneno mengine yalikosa kichwa, mengine yalikosa mkia. Mara sikio la kulia lilikatika, likarudi katikati ya sentensi.

"Wafugaji hawa wanakula maneno," alilalamika.

"Wamezoea kuwaita kuku, hawajazoea kusema na watu," alisema mume wake.

"Na hili la kushoto linapata joto."

"Jipya hilo. Vitu vipya vina damu moto."

Basi Mama Chapa akaandika alichokisikia. Penye shaka alirudia, akarudia tena, akaandika kile kilichokaribia neno. Kazi ilipokwisha, Baba Kopi akaitolea kopi ya kwanza ya asubuhi, kwa heshima ya Mama Mwenyekiti.

Kesho yake Mama Mwenyekiti aliingia dukani na zile karatasi amezikunja kama rungu. Hakusalimu.

"Mama Chapa, hebu tusome wote," alisema. Akavaa miwani. "'Mwenyekiti alifungua kikao na kuwashuku wajumbe wote.' Mimi niliwashukuru! Niwashuku wamefanya nini?"

"Nilisikia hivyo, mama..."

"Ngoja, hatujafika. 'Mgeni wetu alipigwa kiti.' Alipewa kiti, dada yangu! Mzee wa watu ana kiuno kibovu, tumpige kiti?"

Baba Kopi akajificha nyuma ya mashine yake.

"'Mweka hazina akamkaba mwenyekiti ufunguo wa banda.' Akamkabidhi! 'Wajumbe wakampiga makofi.' Walipiga makofi, hawakumpiga mtu! Mume wangu amesoma karatasi hii mezani, akaweka kijiko chini, akaniuliza, 'Mama, hiki ni chama cha kuku au cha ngumi?'"

Mteja mmoja aliyekuwa akingojea kopi ya kitambulisho alianza kutikisika mabega. Akageukia ukuta.

"Na hapa ndipo penye kubwa," aliendelea Mama Mwenyekiti, na sasa hakuwa na mzaha. "Mzee Majogoo alisimama akaahidi mabati ya banda jipya. Mbele ya watu wote. Wewe umeandika, 'Mzee Majogoo alisema leta mabati.' Yaani sasa yeye ndiye anatuagiza sisi! Jumamosi nasoma kumbukumbu hizi mbele ya wanachama. Zikiwa hivi, Mama Chapa, sina la kukusaidia. Kazi itavuka barabara."

Akaziacha karatasi mezani, akaondoka.

Mama Chapa akavuta kiti. Akakaa, akaangalia kibodi yake isiyo na A. Baba Kopi angefurahi zaidi kama angetukanwa.

"Labda ni mashine yangu inapiga kelele," alisema taratibu.

"Mashine yako ilikuwa imezimwa," alijibu mke wake.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, Dada Vifurushi alipita kutoka kazini. Alikuwa bado amevaa koti lake la kazi lenye gundi ya utepe kwenye mikono. Akasikia habari yote. Akaisoma ile karatasi, akafika penye kukabana, akalazimika kukaa chini.

"Dada yangu," alisema, akifuta machozi ya kicheko, "wewe huna kosa. Nipe hizo hedifoni. Na wewe shemeji, nionyeshe tangazo ulilonunulia."

Baba Kopi akafungua simu. Dada Vifurushi akasoma.

"Shemeji, hapa pameandikwa nini?"

"Kopi ya kwanza," alisema Baba Kopi, bado na fahari kidogo.

"Na kopi ni nini?"

"Ni karatasi inayotoka ikiwa imefanana na ile..." Akasita.

"Na ile nyingine inaitwaje? Ile unayoilaza juu ya kioo?"

"Inaitwa... orijino."

"Basi umejijibu. Ulinunua kopi, tena kwa kuambiwa wazi! Mwizi amekuandikia 'mimi mwizi', wewe ukamwambia 'asante kwa ukweli wako'."

Mama Chapa akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Baba Kopi akajiona kama bango la duka limemwangukia kichwani.

"Lakini dada, kopi yangu ni halali. Mtu anakuja na cheti chake, ananilipa, anaondoka."

"Ya kwako haimdanganyi mtu. Hakuna anayetoka hapa akidhani kopi ndiyo cheti. Kwenye vifaa, kopi maana yake ni feki iliyovalishwa suti. Wanasema 'kopi ya kwanza', 'daraja la kwanza', 'kama orijino', 'aina ya Zumari'. Kitu halisi hakijifananishi na kingine. Mimi nikijitambulisha, nasema 'mimi ni mimi'. Sisemi 'mimi ni kama mimi'."

"Ningejuaje, lakini?"

"Bei ilikuambia nini?"

Baba Kopi akakuna shingo. "Iliniambia nunua upesi."

"Ikiwa maduka yote yanauza bei inayokaribiana, na mmoja yuko chini kabisa peke yake, jiulize yeye kazipata wapi. Ulisoma walionunua kabla yako wanasema nini?"

"Nilisoma. Wote wamesifu. 'Nzuri sana, nzuri sana.'"

"Anza na wanaolalamika. Sifa zinaweza kununuliwa. Hebu shuka chini."

Akashuka. Mtu mmoja alikuwa ameandika: *Sikio moja limekufa siku ya pili.* Mwingine ameweka picha ya boksi, na kwenye boksi paliandikwa Zumali. Mwingine: *Hizi si halisi, nirudishieni pesa.* Baba Kopi akasoma mpaka sauti ikapotea.

"Sasa leta boksi," alisema Dada Vifurushi. "Natumaini hukulitupa."

"Nimewekea pini."

"Toa pini. Hapa sitakufundisha mimi, shemeji, hii ni kazi yako. Liangalie kama unavyoangalia karatasi ya mteja."

Baba Kopi akalichukua boksi, akawasha taa ya meza, akalisogeza karibu. Kwanza aliliangalia kama mtu aliyenunua. Kisha, kidogo kidogo, akaanza kuliangalia kama fundi. Akapitisha ukucha juu ya maandishi. Akainamisha boksi mwanga upite kwa ubavu. Uso wake ukabadilika.

"Lo!"

"Umeona nini?"

"Herufi zimenenepa pembeni. Na picha hii ina kivuli cha kijivu chini. Mama watoto, hii wameiskani! Wamechukua boksi halisi, wameliskani, halafu wamechapa upya, jina tu ndilo wamelichezea." Akawa na hasira ya mtu aliyetukanwa kazini. "Tena hata si kopi ya kwanza! Ni kopi ya kopi!"

"Kumbe hilo ndilo linalokuuma!" alisema mke wake.

Dada Vifurushi akaendelea. Kwenye boksi palikuwa na namba ndefu, na ndani ya kikasha cha kuchajia palikuwa na namba nyingine. "Kwa hizi za Zumari, namba hizo zinatakiwa zifanane," alisema. Akafungua tovuti ya kampuni yenyewe, akaingiza namba ya boksi. Jibu likaja kwamba namba hiyo haijulikani.

"Kwa hiyo namba ikijulikana, ni halisi?" aliuliza Mama Chapa.

"Hapana, dada. Wajanja huiba namba ya kweli moja wakaichapa kwenye maboksi elfu. Namba ni dalili moja. Jina lililoandikwa vibaya ni dalili. Bei, maneno ya tangazo, chapa mbovu, malalamiko, sauti mbaya, zote ni dalili. Usitegemee moja. Zikusanye. Na kitu kinachopata joto sikioni usikivae tena, wala usikichaji. Betri ya feki hujui imetengenezwa jikoni kwa nani."

Mama Chapa akazisukuma zile hedifoni mbali kwa ncha ya rula.

"Pesa zimekwenda, basi," alisema Baba Kopi.

"Ulilipaje? Ulimtumia muuzaji mwenyewe?"

"Alitaka hivyo. Simu ikazimika chaji."

"Simu yako ina akili kuliko wewe, shemeji! Ungemtumia pembeni, duka la mtandaoni lingekwambia halikujui. Kwa kuwa ulilipia ndani, unaweza kudai. Siku za kurudisha bado hazijapita."

Wakakaa pale pale wakaandika dai. Sababu wakachagua 'bidhaa si halisi'. Wakapiga picha jina la Zumali, namba zilizotofautiana, na lile jibu la tovuti. Haikupita muda, muuzaji akaleta ujumbe: *Kaka, futa dai, nitakurudishia nusu.*

"Ananiita kaka tena," alisema Baba Kopi.

"Usifute. Ukifuta, ukaka unaishia hapo."

Hakufuta. Asubuhi akapeleka kifurushi kaunta kwa Dada Vifurushi, akapewa risiti ya kurudisha.

Sasa zilibaki hedifoni za kazi, na Jumamosi haikuwa mbali. Safari hii Baba Kopi hakuinua kidole mpaka jirani amekaa pembeni yake. Walianzia kwenye tovuti ya kampuni, kwa kuandika jina lake wenyewe herufi kwa herufi, R ikiwa R. Hapo palikuwa na majina ya wauzaji waliokubaliwa na kampuni. Mmoja wao alikuwa mjini kwao, na aliuza mtandaoni pia. Wakaingia dukani kwake kwa kupitia palepale, si kwa kubofya tangazo la njiani.

"Bei za hizi zisizo na waya zitatuchosha," alisema Mama Chapa.

"Dada, wewe kazi yako ni ya kukaa mezani. Unakimbilia wapi na hedifoni hata usitake waya? Tazama hizi za waya za kampuni hiyohiyo. Bei ndogo, na ni halisi. Afadhali halisi ya kawaida kuliko feki yenye jina kubwa."

Wakamuuliza muuzaji kama kuna dhamana na risiti. Akajibu vipo, akataja muda wa dhamana bila kuzunguka. Wakalipia ndani ya duka.

Kifurushi kilipofika, Dada Vifurushi alikuwa amewaagiza warekodi video wakati wa kufungua, kuanzia utepe ukiwa mzima, ili wakikuta tatizo wawe na ushahidi. Baba Kopi akashika simu, mke wake akakata utepe. Walipoiangalia ile video baadaye, walikuta nusu ya kwanza ni kidole gumba cha Baba Kopi, na nusu ya pili ni sauti yake ikisema, "Geuza, geuza, R hiyo! Ni R!" Wakalifunga boksi upya, utepe juu, wakarekodi tena. Dada Vifurushi alipoambiwa akasema, "Hiyo ya pili haina maana, shemeji. Mshukuruni Mungu kwamba mzigo ni mzima."

Na ulikuwa mzima. Baba Kopi akapitisha ukucha kwenye boksi, akaona herufi nyembamba kama zilivyotakiwa. Namba zikafanana, tovuti ikaitambua.

Mama Chapa akavaa, akafungua ule mkutano. Akashtuka.

"Mume wangu! Kuna jogoo anawika humu!"

"Alikuwepo siku zote?"

"Siku zote! Na kuna mtu anatafuna. Na Mama Mwenyekiti... uuu, kumbe alisema kwa upole hivi!" Akaanza kuchapa, vidole vikapiga kama mvua juu ya bati. Wajumbe wote wakaacha ngumi wakakaa kwenye viti vyao. Mgeni akapewa kiti. Ufunguo ukakabidhiwa. Alipofika kwa Mzee Majogoo alirudisha nyuma mara kadhaa, akaandika alichokisikia kwa uhakika.

Jumamosi wakaenda mkutanoni wote watatu. Mama Chapa alibeba kompyuta na hedifoni zake, maana Mama Mwenyekiti alisema huenda zikahitajika. Kumbukumbu zikasomwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mpaka ikafika: "Mzee Majogoo alisema, nitaleta mabati ya banda lote."

Mzee Majogoo akasimama. Alikuwa mzee mrefu mwembamba, mwenye kofia iliyokaa upande kama kilemba cha jogoo, na majogoo wake ndio waliokuwa wakubwa kuliko wa wote.

"Napinga," alisema. "Sikusema nitaleta. Nilisema *ningeleta*. Ningeleta, kama ningekuwa nayo. Huyu mwandishi amekosea. Nimesikia hata mara ya kwanza aliandika tumepigana."

Watu wakaguna. Wote wakamgeukia Mama Chapa. Silabi moja tu, na kazi ya mwaka mzima ilikuwa inaning'inia juu yake.

Mama Chapa akainuka. "Mzee wangu," alisema kwa adabu, "sibishani na wewe. Njoo usikilize mwenyewe."

Mzee Majogoo akaenda mbele kwa madaha. Mama Chapa akamvalisha hedifoni, masikio yote mawili, akaziweka vizuri chini ya kofia. Akafungua sauti.

Mzee Majogoo akasikiliza. Macho yakamtoka. Akasikiliza tena. Kisha akainama karibu na Mama Mwenyekiti ili amnong'oneze. Lakini mtu mwenye hedifoni nzuri masikioni hajisikii mwenyewe. Mnong'ono wake ukatikisa madirisha.

"MAMA MWENYEKITI! NI MIMI KWELI! WAAMBIE HAISIKIKI VIZURI, NA MIMI NITALETA HATA NUSU!"

Ukumbi ulilipuka. Watu waliangukiana mabegani. Mweka hazina alikohoa mpaka akapewa maji. Mzee Majogoo akavua hedifoni, akaangaza huku na huku.

"Kuna nini? Kuna aliyenisikia?"

"Wote, mzee," alisema Mama Mwenyekiti, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na nusu ile hatuitaki. Kumbukumbu zinasema banda lote. Wanaozikubali?"

Mikono yote ikainuka. Baada ya kusita kidogo, na wa Mzee Majogoo pia. Hapohapo, mbele ya watu wote, Mama Mwenyekiti akatoa flashi nyingine mkobani, akamwekea Mama Chapa mkononi, akamfumbia vidole.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Mzee Majogoo akamsogelea Mama Chapa, kofia mkononi.

"Mwanangu, hizo hedifoni zako ulinunua wapi?"

"Kwa muuzaji aliyekubaliwa na kampuni yenyewe, mzee. Nikuelekeze dukani kwake?"

"Nielekeze," alisema Mzee Majogoo. "Nataka nijue mahali penyewe, ili kabla ya mkutano ujao nimhonge yule muuzaji mabati kidogo, asikuuzie nyingine zinazosikia ahadi zangu."